Jaji Aliyetazama Mikono

Alikuwa anakaa upandeupande. Kila mwaka wenye ukumbi waliweka kiti cha jaji mkuu kikiangalia jukwaa, na kila mwaka, kabla mshereheshaji hajashika kipaza sauti, yeye alikikamata kwenye egemeo na kukigeuza mpaka kikawaangalia watu. Jukwaa likabaki begani kwake kushoto. Wageni waliofika Makambako kwa mara ya kwanza walidhani mama yule amewekwa pale kulinda milango.

Tulimwita Mama Jaji. Jina lake la ubatizo ninalo kwenye karatasi zangu lakini sitaliandika, maana hata yeye mwenyewe ukimwita kwa jina hilo alichelewa kuitika. Wala sitasema alizaliwa wapi na nani. Mimi nilimkuta mtu mzima tayari, kavaa koti la kiume la kijivu lenye vifungo vinne, kimoja cha rangi tofauti, na mara ya mwisho nilipomwona koti lilikuwa lilelile. Katikati hapo kuna miaka mingi niliyokuwa karani wake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ndani, ukumbi mmoja wa Makambako ulifanya onyesho la mchanganyiko. Jumamosi moja ya mwezi wa saba, kuanzia saa nane mchana mpaka jua linakaribia kuzama, watu walipanda jukwaani mmoja baada ya mwingine: sarakasi, kwaya, mazingaombwe, ngonjera, ngoma, vichekesho, na mzee mmoja wa Ludewa aliyekuwa na jogoo anayepanda ngazi. Mbele walikaa majaji watatu, Mama Jaji akiwa mkubwa wao. Mimi nina duka la steshenari Njombe mjini, pale mtaa wa Ramadhani, na ndimi niliyekuwa nachapa ratiba ya onyesho. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka wakanipa na ukarani wa majaji. Siku ya kwanza niliuliza kazi yangu ni nini hasa.

"Kuandika, kujumlisha na kunyamaza," alisema Mama Jaji. "Hiyo ya tatu ndiyo itakayokushinda."

Hakujua alivyokuwa amelenga, au labda alijua. Nitafika huko.

Kwanza niseme kwa nini aligeuza kiti. Mwezi wa saba kwetu si mwezi wa mchezo. Asubuhi majani ya viazi yanaamka meupe kwa barafu, na Makambako kuna upepo ambao hauchoki. Ukumbi ule haukuwa na dari, bati tupu juu, kwa hiyo watu walikaa humo kama walivyokaa nje: makoti, mablanketi, kofia za sufu, kinamama na vitenge viwili juu ya sweta. Na mikono yote ndani. Mtu akiingia alitoa mkono mmoja kusalimia, akaurudisha haraka. Mama Jaji alitazama hiyo mikono.

"Mtu wa hapa anatoa mikono kwenye koti kwa mambo mawili tu," aliniambia. "Chakula na furaha. Humu ndani chakula hakuna."

Hakutazama safu ya kwanza. Pale walikaa wageni rasmi, na hao hupiga makofi kwa adabu, hata kwa kitu kilichowachosha. Alitazama safu ya nne na ya tano, walipokaa wakulima wa mahindi, mafundi wa gereji, kinamama wa sokoni. Mchezo ukianza alihesabu moyoni ni mikono mingapi imetoka, na imetoka mapema au imechelewa, na imekaa nje muda gani kabla ya kurudi. Msanii angeweza kuruka hadi kwenye mabati. Kama mama mmoja wa safu ya tano alikuwa bado amejificha kwenye kitenge, penseli ya Mama Jaji haikupanda.

Ujuzi huo aliutoa Lupembe. Kabla hajawa jaji wa wasanii alikuwa mkaguzi wa majani ya chai kwenye banda la kukusanyia, yale mabanda ya kando ya barabara ambako wakulima wanasubiri lori na vikapu vyao. Yeye ndiye aliyesema majani haya yanapanda lori na haya yanarudi nyumbani. Wakulima walimwogopa kwa sababu hakuangalia juu ya kikapu. Alikunja mkono wa koti, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa gao moja la chini kabisa na kulitandaza kwenye kiganja. Majani mawili laini na chipukizi, sawa. Jani gumu, kikapu kinarudi. Lugha ya bandani ilimfuata ukumbini. Kundi la vichekesho likileta mzaha wa mwaka juzi alininong'oneza, "Hili jani limekomaa, Karani." Na kwaya iliyojaa sare mpya na sauti chache aliiandikia kwa herufi zake kubwa: *Wamepanga juu tu.*

Kupanga ratiba ilikuwa kazi yake pia, na hapo ndipo nilipomheshimu kwa kweli, maana nilikuwa nadhani ratiba ni orodha tu. Alikuja dukani kwangu wiki moja kabla, akakaa kwenye benchi karibu na mashine ya fotokopi kwa sababu inatoa joto, akawapanga watu wale kwa kuwasogezasogeza kwenye karatasi mpaka mchana ukaisha. Wa kwanza walikuwa sarakasi daima. Watu wanakuwa bado wanaingia, wanatafuta viti, wanasalimiana, na salamu za kwetu ni ndefu, mtu hawezi kukuuliza habari ya nyumbani akaacha kuuliza na ya mbuzi. Sarakasi haidai kusikilizwa. Ngonjera hakuiweka baada ya vichekesho, kwa sababu mtu aliyecheka hataki kufundishwa. Nafasi ya mwisho, ambayo kila kikundi kiliililia, aliwapa ngoma yenye kelele, maana saa hizo watu wa Njombe wanawaza gari la kurudia. Nafasi nzuri kuliko zote ilikuwa ya pili kutoka mwisho. Hapo watu wameshapashwa moto na bado hawajaanza kutafuta viatu vya watoto. Nafasi hiyo hakuna aliyewahi kuiomba, kwa sababu hakuna aliyejua thamani yake isipokuwa sisi wawili.

Nisije nikamchora kama mtakatifu. Alikuwa mgumu, na ugumu wake mwingine haukuwa na maana. Alikuwa Mlutheri wa benchi la mbele, na mwaka ambao kwaya ya usharika wake ilishiriki aliipa alama ya chini kuliko zote. Mke wa mchungaji hakumsalimu mpaka mahindi yakapandwa tena. Wakati huohuo alimpenda kupita kiasi mtu wa mazingaombwe, yule ambaye wazee wa kanisa walisema anacheza na shetani. Siku moja yai lilimponyoka kwenye mkono wa shati likapasukia jukwaani, mbele ya ukumbi mzima. Yule bwana akainama, akalitazama, akasema, "Huyu kuku nilimwambia asinifuate." Mikono ikatoka safu zote. Mama Jaji akampa alama nzuri.

"Lakini Mama, yai limeanguka," nilisema.

"Mimi sihukumu yai."

Na bado, yule mzee wa Ludewa, jogoo wake aliposinzia kwa baridi katikati ya ngazi na kukataa kabisa kuendelea, na mzee akaomba kwa machozi arudie baada ya chai, Mama Jaji alimkatalia. "Jogoo ameshaamua," alisema. Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliuona uso wa mzee. Alikuwa ametoka Ludewa na kikapu cha jogoo mapajani tangu kabla ya alfajiri, kona zote zile, amemfunika ndege kwa sweta lake mwenyewe.

Alama akishaiandika haikufutika. Hakuieleza, hakuijadili. Ukimfuata nyumbani kumwuliza, alikukaribisha, akakupa uji, akakuuliza habari za wazazi, na ukaondoka huku hujajibiwa. Mtu mmoja alimpelekea gunia la viazi siku tatu kabla ya onyesho, akidai ni salamu za shambani. Alikodi bodaboda akalirudisha mwenyewe, amekaa nyuma, gunia katikati yake na dereva. Lakini onyesho likishaisha, washindi wakiwa wanapiga picha mbele, yeye alipita nyuma ya pazia na chupa yake ya chai, akakaa kwenye sanduku la vyombo pamoja na walioshindwa, akawamiminia mmoja mmoja. Hakuwaambia kitu cha kuwatia moyo. Alikunywa nao tu, chai ya rangi yenye tangawizi kali, mpaka chupa ikaisha. Miaka yote hiyo nilidhani anafanya hivyo kwa huruma. Sasa nadhani alikuwa anaomba radhi kwa njia pekee aliyoiweza.

Mwaka mmoja tu niliona penseli yake ikisita, na mwaka huo ndio sababu ninaandika haya.

Nina kaka. Watu walimwita Redio, kwa sababu tangu utotoni alitoa sauti ya kila kitu. Jogoo, mashine ya kusaga, treni ikiwa bado mbali kabla hujajua kama ni treni au upepo, mwalimu mkuu akipiga chafya, bawaba za mlango wa sakristia. Mama yetu alicheka naye mpaka akaketi chini. Mimi nilikuwa mtoto wa madaftari, napata namba nzuri darasani, na Mama alinipongeza, lakini hakuwahi kuketi chini kwa ajili yangu. Nasema hivi mapema ili mtu asinionee huruma isiyonistahili.

Mwaka huo Baba alikuwa amefariki mwezi wa pili. Alikohoa mwaka mzima, akapungua, akaenda. Miaka ile haikuwapo nyumba kwetu ambayo haikuwa imezika, nyingine wawili, nyingine watatu, na watu walikuwa wamechoka hata kusimuliana. Kaka alijiandikisha onyesho bila kuniambia. Nililikuta jina lake la Redio kwenye orodha, nikalichapa. Kwenye meza ya majaji sikusema kwamba ni ndugu yangu. Nilijiambia ni kwa ajili ya haki. Kulikuwa na jambo jingine pia: kundi moja la sanaa la Dar es Salaam lilikuwa limemtuma mtu wao, na ilitangazwa kwamba atakayeshika nafasi ya kwanza wataondoka naye.

Mama Jaji alikuwa amempa nafasi ya pili kutoka mwisho. Hakuwa amemwona hata siku moja. Alisema tu, "Mtu mmoja asiye na kifaa chochote, huyo tumweke pazuri."

Kaka akapanda na koti la Baba. Akasimama, hakusalimia. Akaanza na jogoo, kisha ufagio uani, kisha Mama akipuliza moto wa kuni mbichi, na watu wakaanza kutabasamu, mikono miwili mitatu ikachungulia. Halafu akamleta Baba. Baba alikuwa na kawaida ya kusafisha koo nje ya mlango kabla hajaingia, mara mbili, fupi fupi, ili sisi watoto tuache fujo. Kaka akalitoa koo lile. Nikasikia mgongo wangu ukinyooka wenyewe kwenye kiti. Akatoa viatu vya Baba, kiti chake kikilia, magazeti. Akatoa kikohozi, kidogo. Akarudia siku ile ile, jogoo, ufagio, moto, na kikohozi kikawa kirefu zaidi. Akarudia tena. Mara ya nne kulikuwa na jogoo, ufagio, moto, halafu mahali pa kusafisha koo hapakuwa na kitu. Alisimama pale kimya, muda kama wa kusema Baba Yetu. Kisha akatoa sauti ya Mama akifunga komeo la mlango kwa ndani. Akainamisha kichwa, akatoka.

Hakuna aliyepiga makofi. Ukumbi mzima, safu ya nne, ya tano, mpaka wale waliosimama nyuma ukutani, mikono ilikuwa ndani. Wale waliokuwa wameichungulisha mwanzoni walikuwa wameirudisha. Niliwaona vizuri kwa sababu nilikaa upande wa Mama Jaji. Walikuwa wamejikumbatia ndani ya makoti yao, wameinama kidogo, wengine wanajibana mbavu, na dereva mmoja wa malori, mtu mzima, alikuwa anauma ukosi wa jaketi lake.

Jaji wa pili, mwalimu wa kwaya, alimpa kaka nafasi ya kwanza. Jaji wa tatu aliwapa sarakasi. Ikabaki ya Mama Jaji. Meza yetu ilikuwa mwisho wa jukwaa, pazia likitugusa mabega. Alishika penseli, akaiweka, akaishika. Akawatazama watu, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla wala baada ya hapo. Akanigeukia.

"Karani. Wewe umeonaje?"

Nilikuwa na jibu. Ningesema, Mama, mikono haikutoka kwa sababu watu wamejishika wasianguke. Sentensi moja tu. Lakini nilimwona kaka akipanda basi la Dar es Salaam, na mimi nikibaki na Mama, na shamba, na lile komeo la mlango kila jioni. Niliona pia kwamba Mama angeketi chini kwa furaha, kwa ajili yake tena. Nikasafisha koo kidogo, mara moja. Nikasema:

"Mikono haikutoka, Mama."

Na ilikuwa kweli. Ndiyo maana imeniuma miaka yote hii, kwamba nilisema kweli tupu.

Akaandika. Sarakasi wakashika nafasi ya kwanza, kwaya ya watu wa misheni wakawa wa pili, Redio wa tatu. Vijana wa sarakasi wakaenda Dar es Salaam. Jioni ile Mama Jaji alipita nyuma ya pazia na chupa yake, lakini kaka alikuwa ameshaondoka. Alirudi na chupa imejaa, akaniambia nimbebee mpaka kituo cha magari.

Kaka hakutoa sauti tena. Si kwamba alitangaza, aliacha tu. Alikwenda Lupembe, akaanza kama utingo wa lori la majani ya chai, baadaye akawa dereva. Wanangu wakimwomba atoe hata paka, aliwaambia, "Redio imeisha betri." Mama alifariki akiwa bado anamsubiri arudie ile ya mashine ya kusaga. Pale msibani kaka ndiye aliyenishika bega, akaniuliza nimekula. Hajawahi kuwa mtu mbaya kwangu, hata siku moja, na ningependa angekuwa.

Mama Jaji aliendelea miaka mingine mingi. Kiti alikigeuza vilevile, lakini habari za mikono hakunisimulia tena, na mara nyingine, katikati ya mchezo, nilimkuta amefumba macho. Onyesho lenyewe likafa polepole. Mtu wa mazingaombwe akahamia Songea, ukumbi ukageuzwa ghala la mbolea. Macho ya Mama Jaji nayo yakaanza kuingia ukungu. Akahamia Njombe kwa mpwa wake, hapohapo Ramadhani, nyumba ya nne kutoka dukani kwangu.

Nilikwenda kumwona mara kwa mara, na mwezi wa sita mwaka huu nilimkuta hatoki tena kitandani zaidi ya kwenda kwenye kiti. Amevaa koti lake, blanketi juu yake, jiko la mkaa miguuni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Karani. Funga huo mlango, baridi hiyo haijaalikwa."

Nilifunga. Tulizungumza bei ya mbolea na mvua. Halafu akasema, kama anayeendeleza habari hiyohiyo, "Redio yuko wapi siku hizi?"

"Yupo Lupembe, Mama. Anaendesha lori la majani."

"Ni kaka yako."

"Ndiyo, Mama."

"Nilijua tangu siku ile. Mna pua moja." Akavuta blanketi. "Nilikuuliza kwa sababu nilijua. Mimi nilikuwa naona mikono haijatoka, na naona pia kwamba kuna kitu pale ambacho mikono haisemi. Sikuwa na moyo wa kuiacha kanuni yangu peke yangu mbele ya watu wote wale. Nikasema moyoni, huyu ni ndugu yake, huyu atanisukuma. Nilikutwika mzigo wangu. Nilikosea, Karani. Jaji nilikuwa mimi."

Hapo ndipo ningemwambia. Kwamba hakukosea kuniuliza, alikosea tu mtu wa kumwuliza. Kwamba ilikuwa wivu na woga, wala si kanuni. Mdomo ulifunguka, nikaishia kumwuliza kama anataka mkaa uongezwe.

"Mkaa unatosha," alisema. "Niletee kaka yako."

Nilimkuta kaka bandani Lupembe, lori limeshapakiwa, vidole vyake vimeingia rangi ya majani kama vya watu wote wa kule. Nilimweleza Mama Jaji anaumwa na anamtaka. Alifunga turubai la lori, kamba moja baada ya nyingine, mpaka zote zikaisha.

"Anaumwa sana?"

"Sana, kaka."

"Basi Jumapili, baada ya ibada."

Jumapili akaja, amenyoa ndevu, na paketi ya chai mkononi. Alikuwa amevaa koti la Baba. Sikujua kama bado analo. Mpwa wa Mama Jaji akatumiminia chai, akatoka. Mama Jaji akageuza uso kuelekea alikosikia kiti kikilia.

"Kamwene, baba," alimsalimu kwa Kibena.

"Kamwene, Mama."

"Nimekuita nikuombe. Ile ya siku ile. Sasa hivi sioni kitu, siwezi kutazama mikono ya mtu. Nataka kuisikia."

Kaka alitazama jiko muda mrefu. Nilidhani atasema ile ya betri. Kisha jogoo akawika mle ndani, yule jogoo wetu mwekundu aliyekufa nikiwa darasa la tano, na ufagio ukafuata, na Mama yetu akapuliza moto. Sauti ya kaka ilikuwa imezeeka lakini vitu vilivyotoka humo havikuwa vimezeeka. Alipita siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kikohozi kikawa kirefu. Nilikuwa nalia na sikujificha. Siku ya nne, jogoo, ufagio, moto, halafu kimya. Tukasubiri komeo.

Badala ya komeo alisafisha koo. Mara moja, kidogo. Nikadhani amesahau mpangilio, kwamba Baba amerudi. Lakini Baba alisafisha koo mara mbili. Halafu ikatoka sauti ya kijana, nyembamba, yenye adabu ya kupitiliza, ya mtu anayejua anachokifanya.

"Mikono haikutoka, Mama."

Ilikuwa yangu. Kila kitu kilikuwemo, hata ule mkwaruzo mdogo kwenye neno la mwisho.

Kisha akatoa komeo likifungwa, taratibu, kwa ndani.

"Nilikuwa nyuma ya pazia," kaka alisema kwa sauti yake, akimwambia Mama Jaji, hakunitazama. "Nilikuwa bado sijaondoka."

Makaa yalikuwa yanapasuka kwenye jiko. Mikono ya Mama Jaji ilikuwa ndani ya blanketi, ya kaka ndani ya koti la Baba, na yangu, nilipoangalia, ilikuwa ndani ya koti langu, imejikunja ngumi.

"Karani," alisema Mama Jaji.

"Mama."

"Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Wewe umeonaje?"

Safari hii sikusafisha koo. "Alikuwa wa kwanza, Mama. Siku ileile alikuwa wa kwanza, na mimi nilijua. Nilimwonea kaka yangu wivu."

Mama Jaji alielekeza uso kwa kaka, kana kwamba alama ni yake kuikubali au kuikataa. Kaka alivuta kikombe changu, akakigusa pembeni kwa vidole vyake vya majani, akakisukuma karibu yangu.

"Andika basi, mdogo wangu," alisema. "Chai inapoa."

Nikatoa mkono kwenye koti, nikaandika.